Karama ya Wana wa Adamu: Mazingatio Kutoka Nakuru

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa letu tulikuwa tukiisoma Sura ya 17, nasi tukafika aya ya 70. Humo Mwenyezi Mungu anatupa habari kwamba amewatukuza wana wa Adamu, na kwamba ndiye anayewachukua nchi kavu na baharini, na ndiye anayewaruzuku. Ndugu mmoja akauliza: "Je, utukufu huu ni wa Waislamu peke yao, au ni wa kila mtu? Na ikiwa ni wa kila mtu, itikadi hii yatutaka tufanye nini zaidi ya kuisoma?"

Swali hili ni jema, na jawabu lake si fupi. Tumeona tulijibu kwa njia ya somo, na mfano wetu tumeutoa mbali kidogo na misikiti yetu, katika mji wa Nakuru na Bonde la Ufa. Huenda msomaji akasema: "Nakuru na sisi wapi na wapi?" Twamwomba asubiri. Mwisho wa somo ataona kwamba njia ya Nakuru inarudi mpaka kizingitini pa nyumba yake.

Maana ya karama

Neno "karama" kwetu aghalabu hutumika kwa kipawa anachopewa mja mwema. Lakini katika aya hiyo maana yake ni hadhi na heshima ambayo Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu kwa kuwa ni mwanadamu. Hebu tutazame: aya haikusema "walioamini", wala haikusema "Waarabu", wala "wenye mali". Imesema wana wa Adamu. Basi mwenye kuitoa hadhi hii kwa mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke hana budi kwanza amtoe katika ukoo wa Adamu, na hilo hawezi.

Hapa yatupasa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna utukufu wa kuumbwa, na kuna utukufu wa ucha-Mungu. Ule wa kwanza ni wa watu wote kwa usawa, hauongezeki kwa nasaba wala haupungui kwa umaskini. Ule wa pili ndio uliotajwa katika Sura ya 49, aya ya 13, kwamba watu wamefanywa mataifa na makabila ili wapate kujuana, na kwamba mbora wao mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule anayemcha zaidi. Daraja hii ya pili aijuaye ni Mungu peke yake, kwani ucha-Mungu umo moyoni, na moyo hauna dirisha. Kwa hivyo sisi kwa sisi tumebakiwa na ule utukufu wa kwanza tu, na kwa huo ndio tunaamrishwa kuamiliana.

Dalili katika mwenendo wa Mtume (S.A.W.) ni nyingi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba lilipita jeneza mbele yake, naye akasimama. Akaambiwa kwamba maiti yule ni Myahudi. Akawajibu kwa kuwauliza kama ile nayo si nafsi. Na waliotuletea habari hii ni Sahl bin Hunayf na Qays bin Saad, ambao walikuwa wameketi Qadisiyya, nchi ya Iraki, likapita jeneza la mtu asiyekuwa Mwislamu nao wakasimama. Walipoulizwa sababu, ndipo walipoisimulia hadithi hiyo. Angalia, ndugu yetu, jinsi itikadi ilivyosafiri: Mtume alisimama Madina, na baada ya miaka mingi, katika nchi nyingine, watu wengine wakasimama kwa sababu yake.

Na imepokewa pia kwamba Abu Dharr alimtukana mtu kwa kumtajia mama yake, Mtume akamwambia kwamba bado amo ndani yake ujahili. Kisha akaamrisha kwamba watumishi ni ndugu zetu, walishwe tunachokula na wavishwe tunachovaa. Wenye kusimulia wanasema walimkuta Abu Dharr mahali panapoitwa Rabadha, yeye amevaa nguo na mtumishi wake amevaa nguo mfano wa hiyo. Neno moja la kulaumiwa liligeuka kuwa vazi. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba itikadi hujenga jamii. Huanza moyoni, ikatokea ulimini, ikaonekana mwilini, na mwisho ikawa desturi na sheria ya watu. Na kinyume chake ni vivyo hivyo: dharau nayo huanza moyoni, ikatokea ulimini, na mwisho ikawa sheria, au ikawa moto.

Msingi wa kwanza wa Nakuru

Sasa twende Nakuru. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili kutoka pwani yetu ilipita katika bonde lile, ikapumzika Naivasha na Baringo, ikitafuta pembe. Nchi ilikuwa malisho ya Wamaasai. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Viktoria mwaka 1901, na Nakuru ikatokea njiani kama stesheni, kisha ikawa mji mwaka 1904.

Mwaka huo huo wa 1904 Wamaasai walitiwa katika mapatano ya kuihama nchi ya Naivasha na Nakuru. Baadhi yao wakapelekwa kusini na wengine Laikipia, wakaahidiwa kwamba ahadi hiyo itadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Haikudumu ila miaka 7. Mwaka 1911 wale wa Laikipia nao wakatakiwa wahame tena, na walipoipeleka serikali mahakamani mwaka 1913 hawakupata kitu.

Ardhi iliyoachwa ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Lord Delamere peke yake alipewa ekari 100,000 karibu na Njoro. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikawapa walowezi mikataba ya miaka 999. Sheria ya mwaka 1918 ikamlazimisha Mwafrika aliyekaa katika shamba la mlowezi, aliyeitwa skwota, kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa. Na mwaka 1939 mipaka ya nyanda za juu ikathibitishwa kuwa ni ya Wazungu. Mhindi aliweza kufungua duka mjini Nakuru, lakini hakuweza kununua shamba nje ya mji huo, hata akiwa na fedha mkononi.

Kisha kilikuwapo kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa awe na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na habari za waajiri wake na mishahara aliyolipwa. Karatasi ilitiwa katika kijaluba cha bati, na aghalabu ikaning'inizwa shingoni. Walioivaa waliifananisha na kengele ya mbuzi. Mtu akiacha kazi pasipo mwajiri kuandika ruhusa yake, alihesabiwa mkosaji mbele ya sheria. Mzungu hakuvaa kijaluba hicho. Mwaka 1947 ndipo ilipopitishwa sheria ya kuandikisha watu wa mataifa yote, na hata leo wengi wetu twaiita kadi ya utambulisho kwa jina lile lile, kipande.

Tumeyataja haya kwa sababu moja. Sheria hizi zote, ya ardhi na ya kazi na ya kipande, zilitoka katika itikadi moja: kwamba watu wameumbwa kwa daraja, na kwamba mtu wa daraja la chini hana haki ya kuulizwa lolote, bali huhesabiwa, huhamishwa na hutumiwa. Waliozitunga hawakuwa majahili wa kusoma. Walikuwa na vyuo na mahakama. Lakini elimu isiyokiri karama ya mwanadamu humfanya dhalimu awe hodari wa kudhulumu, wala haimfanyi awe mwadilifu.

Doa na kitambaa

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Disemba 1963. Mashamba mengi ya walowezi yakauzwa na kugawanywa. Waliokuwa maskwota wakanunua, na wengine wakatoka mikoa mingine wakanunua nao. Wamaasai na Wakalenjin wakaona kwamba nchi iliyochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa babu zao sasa inanunuliwa na watu wengine, na hakuna aliyewauliza. Hapa pana madai mazito, nasi hatuyadharau. Tutayarudia.

Lakini wanasiasa hawakuyapeleka madai hayo mbele ya kadhi wala mezani pa sulhu. Waliyageuza kuwa neno. Nalo ni "madoadoa". Watu waliokuwa wamelima, wamezaa na kuzika katika Bonde la Ufa wakaitwa madoadoa, yaani uchafu uliorukia kitambaa cheupe. Ewe msomaji, doa hufanywaje? Doa halihukumiwi, wala halisikilizwi, wala haliombwi radhi. Doa husuguliwa mpaka litoke. Mwenye kumwita mwanadamu doa amekwisha kumtoa katika ukoo wa Adamu, na yaliyobaki ni kutafuta sabuni na maji.

Mwaka 1992 Molo na Olenguruone, katika wilaya ya Nakuru, ziliwaka moto. Vijiji vikachomwa, watu wakauawa, na maelfu wakahama. Mwanzoni mwa mwaka 1998 yakatokea kama hayo Njoro na Laikipia. Kila mara lilitangulia neno, kisha ukafuata moto, na kila mara ilikuwa karibu na uchaguzi.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Disemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, nchi ikalipuka. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, walichomewa humo humo. Waliookoka na wengine waliofukuzwa kaskazini wakateremka mpaka Nakuru, wakajaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Walifika na maiti vichwani mwao na hasira vifuani mwao. Na katika siku za mwisho za Januari kisasi kikaanza Nakuru katika mitaa kama Kaptembwa na Rhonda, kisha kikaenda Naivasha. Huko Naivasha, tarehe 27 Januari, watu 19, wakiwamo watoto wengi, walikimbilia ndani ya nyumba moja, nayo ikatiwa moto.

Waliochomwa Kiambaa hawakuwa wameiba kura. Waliochomwa Naivasha hawakuwa wamechoma Kiambaa. Mtoto aliulipia ukoo wake, na ukoo ukalipiwa kwa mtoto. Huu ndio ujahili wenyewe ambao Uislamu ulikuja kuuvunja, wa kumwua mtu kwa ajili ya kabila lake. Katika Sura ya 5, aya ya 32, tumefunzwa kwamba mwenye kuua nafsi moja pasi na haki ni kama aliyewaua watu wote, na mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa ripoti yake mwezi wa Oktoba 2008. Ilihesabu waliokufa nchi nzima kuwa ni 1,133. Kati yao 744 walikufa katika mkoa wa Bonde la Ufa. Mkoa wa Pwani ulikuwa na 27. Tusifurahie uchache wa hesabu yetu, kwani ishirini na saba hao ni nafsi ishirini na saba.

Milango iliyofunguliwa

Si haki kutaja moto tu na kunyamaza juu ya waliouzima. Naivasha ilipokuwa ikiwaka, maelfu ya waliokuwa wakiwindwa walipata hifadhi katika uwanja wa kituo cha polisi na katika eneo la gereza. Zingatia hali hiyo. Mji wenye nyumba, maduka na mahali pa ibada ukawa hauna pa kumweka mwanadamu, na gereza, mahali pa kuwafungia wakosaji, likawa ndipo penye amani. Waliofungua milango hiyo hawakumwuliza mkimbizi kabila lake kwanza. Walimwona nafsi inayokimbia kifo.

Tarehe 28 Februari 2008, kwa usuluhishi wa Kofi Annan, wakubwa waliogombana walitia saini mapatano. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya mshikamano na utangamano wa taifa, na tume yake ikaundwa. Tarehe 27 Agosti 2010 ikatangazwa Katiba mpya, baada ya wananchi kuipigia kura. Kifungu chake cha 28 chakiri kwamba kila mtu anayo hadhi aliyozaliwa nayo, na kwamba ana haki ya hadhi hiyo kuheshimiwa na kulindwa. Msomaji wa Sura ya 17 hatakiona kifungu hicho kuwa kigeni. Kabla yake, tarehe 10 Disemba 1948, Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza jambo la maana hiyo hiyo kwa ulimwengu wote, baada ya vita vilivyowaua mamilioni ya watu walioitwa takataka. Wanadamu wamefika penye maana hii baada ya kupita katika damu nyingi. Sisi tuliipata bure, katika msahafu ulio rafuni, na swali ni kama tumeitumia.

Na mwaka 2022, uchaguzi ulipokaribia, tume ile ya mshikamano ililitia neno "madoadoa" katika orodha ya maneno ya chuki. Wako waliocheka wakasema, "Serikali yagombana na neno!" Sisi hatukucheka. Aliyeona yaliyotangulia mwaka 1992 na mwaka 2007 anajua kwamba kulizuia neno ni kuukanyaga moto ungali njiti.

Jawabu kwa mwenye hoja

Atasema mtu: "Je, kukiri karama ya kila mtu ni kuwataka waliodhulumiwa ardhi wanyamaze?" La, hasha. Karama ndiyo inayompa aliyedhulumiwa haki ya kudai. Kama Mmaasai hana hadhi, basi ahadi aliyopewa mwaka 1904 ilikuwa karatasi tu na hakuna aliyekosa kwa kuivunja. Kwa kuwa anayo hadhi, ndiyo maana kuivunja ilikuwa dhuluma, na dhuluma haifutwi na miaka. Lakini hadhi hiyo hiyo ndiyo inayomlinda yule mkulima aliyenunua ekari zake mbili kwa jasho la skwota, ambaye naye babu yake alivishwa kengele ya mbuzi.

Kudai haki ni jambo moja, na kumkana mwenzako utu wake ni jambo jingine. La kwanza huenda mahakamani, kwa wazee, kwa wapatanishi, nalo laweza kukoma siku haki inapopatikana. La pili halina mwisho, kwani mtu hawezi kuacha kuwa alivyozaliwa. Sura ya 5, aya ya 8, yatuonya kwamba chuki ya watu isitupelekee kuacha uadilifu. Haikusema tusichukie kabisa, maana moyo una udhaifu wake. Imetukataza kuifanya chuki kuwa hakimu.

Na sisi wa Pwani je?

Sasa tumefika kizingitini. Ni rahisi kukaa barazani Mombasa, Lamu au Malindi, tukinywa kahawa, tukawasikitikia watu wa bara kwa ukabila wao. Lakini tujiulize kwa insafu.

Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 10 baada ya Unguja. Na miongoni mwa waliokuwa na watumwa ni wasomaji wa Kurani, waliokuwa wakiisoma aya ya 70 kila mwezi. Sheria iliondoka, na dharau ikabaki. Mpaka leo kuna nyumba ambamo mtu mwenye sala zake na elimu yake anakataliwa posa kwa mnong'ono mmoja tu, kwamba babu yake alikuwa mtumwa. Ikiwa utukufu wa Adamu haukumtosha mtu huyo, na ucha-Mungu wake haukumtosha, je, atatoa nini tena ili akubaliwe?

Wakati wa ukoloni serikali iliwagawa watu wa Pwani katika madaftari, huyu ni Mwarabu, huyu ni mwenyeji, na kila daftari lilikuwa na kodi yake na haki zake. Wazee wetu waligombania kwa miaka mingi kuandikwa katika daftari la juu. Hatuwalaumu kwa kuikimbia dhiki. Lakini yatupasa tuseme kweli: wengi walitaka watolewe katika safu ya wanaodharauliwa, na wachache walitaka safu yenyewe ivunjwe. Mwenye kuomba aondolewe peke yake amekwisha kuikubali dharau kwa wengine.

Na usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, Likoni, ng'ambo ya kivuko chetu, kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, na baada yake wakaandamwa "watu wa bara". Zaidi ya watu 100 waliuawa katika majuma yaliyofuata, na makumi ya maelfu wakahama. Madai ya Pwani juu ya ardhi na kazi yalikuwa ya kweli, kama yalivyo ya kweli madai ya Wamaasai. Lakini muuza mboga aliyetoka Kisumu hakuwa ndiye aliyeiba ardhi ya Pwani. Huko Bonde la Ufa waliitwa madoadoa, na hapa kwetu waliitwa wabara. Neno lilikuwa tofauti, na kazi yake ilikuwa moja.

Basi Nakuru si mbali. Iko kwenye ndimi zetu tunaposema "mshenzi", neno ambalo babu zetu walilipeleka bara pamoja na misafara ya pembe. Iko jikoni, kwa msichana wa kazi aliyetoka bara au aliyetoka kijiji cha jirani, anayekula baada ya watu wote na kwa sahani yake ya pekee. Ikumbukwe nguo ya Abu Dharr.

Yatupasayo

Kwanza, tuuchunge ulimi. Mzazi amkataze mwanawe kumwita mtu kwa kabila lake kwa njia ya dharau, kama anavyomkataza matusi ya nguoni. Sura ya 49, aya ya 11, imekataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, nayo imekuja karibu kabisa na ile aya ya mataifa na makabila.

Pili, tutoe ushahidi wa haki hata juu ya jamaa zetu, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya 4, aya ya 135. Wengi waliochoma nyumba Nakuru na Likoni walijulikana kwa majina na majirani zao, na majirani wakanyamaza. Kumficha muuaji kwa kuwa ni wa kwetu ni kumdhulumu aliyeuawa mara ya pili.

Tatu, mahatibu wetu wasingoje uchaguzi. Nasaha inayotolewa wakati moshi umekwisha kuonekana haimfikii mwenye kiberiti. Hutuba ya karama ya wana wa Adamu itolewe katika miaka ya amani, hali watu wana masikio.

Nne, tufungue milango kabla ya siku ya shida. Jirani ambaye hujapata kula naye siku ya sikukuu, utamjuaje siku anapokimbia? Nakuru, ambayo tarehe 1 Disemba 2021 ilitangazwa kuwa jiji la nne la Kenya, ina watu wa kila kabila la nchi hii, na katika mtaa wa Bondeni na kwingineko wamo ndugu zetu Waislamu wenye asili ya Pwani. Katika mji kama huo amani hailindwi na askari peke yao. Hulindwa na watu wanaojuana kwa majina.

Hili ndilo jawabu la ndugu yetu aliyeuliza. Karama ni ya kila mtu. Na kazi yake kwetu ni hii: tukimwona mtu aliye tofauti nasi, tumwone kwanza nafsi, kabla hatujamwona jina lake, dini yake wala atokako. Jamii iliyojengwa juu ya hilo huweza kugombana na kupatana. Jamii iliyojengwa juu ya kinyume chake hungoja neno moja tu na njiti moja.

Maswali ya darasa

1. Nini tofauti ya utukufu wa kuumbwa na utukufu wa ucha-Mungu? Upi kati yao unaweza kupimwa na wanadamu?

2. Kipande na neno "madoadoa" vimefanana katika jambo gani, na vimetofautiana katika lipi?

3. Toa mfano wa dai la haki ambalo limeharibiwa na wenye kulidai kwa kuwakana wengine utu wao.

4. Katika mtaa wako, ni neno gani la dharau ambalo watu hulitumia pasi na kuona haya? Wewe mwenyewe ulilitumia lini mara ya mwisho?

Swali la nne halitajibiwa mbele ya watu. Kila mmoja ajijibu nyumbani kwake, kati yake na Mola wake. Twamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo zetu na ujahili, awarehemu waliouawa pasi na haki, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusikia neno wakafuata lililo jema. Amin.